Lenzi Inapogoma Katikati ya Harusi: Kuchunguza Tatizo, Kuokoa Kazi na Kuandaa Vifaa vya Akiba

Maharusi walikuwa wamesimama mlangoni mwa ukumbi, MC ameshawaita, muziki umepanda. Nikabonyeza shata, kamera ikakataa. Kwenye kioo cha nyuma ukatokea ujumbe kwamba mawasiliano kati ya kamera na lenzi yana hitilafu. Nikazima, nikawasha, nikabonyeza tena, ujumbe uleule. Lenzi ya akiba nilikuwa nayo siku ile, ila ilikuwa kwenye buti ya gari, na gari lilikuwa limezibwa na magari mengine nje ya geti. Picha ya maharusi wakiingia ukumbini haipo hadi leo. Mama wa bi harusi aliniulizia mara mbili, na mara zote mbili nilikosa la kumjibu.

Tangu siku hiyo nimebadilisha namna ninavyobeba vifaa na namna ninavyovikagua. Ninayoandika hapa yanamhusu zaidi mpiga picha wa harusi, sendofu na sherehe, hasa anayefanya kazi ukanda wa pwani, kuanzia Dar es Salaam, Bagamoyo na Tanga hadi Zanzibar na Mombasa, ambako joto, chumvi na unyevu vinakula lenzi polepole bila mwenyewe kujua.

Dakika ya kwanza, ukiwa kazini

Kamera ikigoma mbele ya watu, usianze kutafuta chanzo. Chanzo utakitafuta nyumbani. Kwa wakati huo una kazi moja tu, nayo ni kurudi kupiga picha.

Zima kamera. Toa lenzi. Nyuma yake, pale inapoingia kwenye bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, utaona safu ya vijipini vya rangi ya dhahabu; hivyo ndivyo kamera na lenzi zinavyozungumza. Vifute kwa kitambaa laini kikavu, rudisha lenzi na uizungushe mpaka usikie mlio wa kujifunga, kisha washa. Lenzi isiyofungwa hadi mwisho hutoa ujumbe uleule wa lenzi mbovu, na nimeshaona watu wakipeleka kwa fundi lenzi iliyohitaji kuzungushwa nusu sentimita tu. Ikikataa tena, usijaribu mara ya tatu. Weka lenzi nyingine, au chukua kamera ya pili, uendelee.

Na kama huna nyingine? Hapo inasaidia kujua ni sehemu gani ya lenzi iliyokufa, kwa sababu mara nyingi lenzi haifi yote kwa pamoja.

Anza na apacha, yaani tundu la kupitisha mwanga. Kwenye kamera za DSLR, zile zenye kioo cha kuakisi ndani, tundu hilo hukaa wazi kabisa unapotazama, kisha hujifunga hadi namba uliyochagua kwa ule muda mfupi wa kupiga picha tu. Utepe mwembamba wa waya unaopeleka umeme kwenye apacha hukunjwa na kunyooshwa kila unapozungusha zumu, na baada ya miaka hupasuka. Dalili yake ni ya pekee: kwenye f/8 (hiyo ni namba ya apacha; ikipanda, tundu linakuwa dogo) kamera inagoma, lakini kwenye namba ndogo kabisa ya lenzi yako, tuseme f/2.8 au f/3.5, inapiga bila shida, kwa kuwa hapo apacha haijaambiwa isogee. Kwa watumiaji wa Canon ujumbe huo huja kama Err 01. Basi ipeleke lenzi kwenye namba yake ndogo kabisa na uiache hapo mpaka sherehe iishe. Nje kwenye jua shusha ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, hadi 100 na upandishe kasi ya shata, sekunde 1/4000 ikibidi, au uwahamishie watu kivulini. Kwenye picha za familia kina cha fokasi kitakuwa kifupi, kwa hiyo usiwapange safu tatu kama kawaida. Wapange mstari mmoja, mabega sawa, nawe urudi nyuma hatua kadhaa.

Kama kilichokufa ni fokasi ya otomatiki, tazama kwanza kile kiswichi cha AF (fokasi ya otomatiki) na MF (fokasi ya mkono) ubavuni mwa lenzi. Begani na ndani ya mkoba hujisogeza chenyewe. Kikiwa sawa na bado fokasi haishiki, kiweke MF, washa picha ya moja kwa moja (live view) kwenye kioo cha nyuma, kuza mara 10 na uzungushe pete mpaka kope za mtu zionekane moja moja. Kwa watu wanaotembea njia hiyo ni ya polepole mno. Chagua mahali watakapopita, labda ukingo wa zulia au mstari wa marumaru, weka fokasi pale na usubiri wafike. Wazee waliopiga picha kwa filamu walifanya hivyo miaka yote, na picha zao bado ziko ukutani.

Kitulizaji cha mtikisiko nacho kina dalili zake: picha inarukaruka unapotazama, au lenzi inakwaruza ndani. Kizime. Kisha kasi ya shata isiwe chini ya urefu wa fokasi wa lenzi, ile namba ya mm. Ukiwa kwenye 200mm, nenda 1/200 au zaidi, na kama kamera yako ina sensa (kile kipokea picha cha ndani) ndogo, isiyo full frame, 1/320.

Nyumbani: ni lenzi au ni kamera?

Swali hili watu huliruka, na pesa nyingi hupotelea hapo. Fanya jaribio la kubadilishana. Weka lenzi inayosumbua kwenye bodi nyingine, halafu weka lenzi nzima kwenye bodi uliyokuwa ukitumia. Tatizo likifuata lenzi, mgonjwa ni lenzi. Likibaki na bodi, usimpelekee fundi lenzi. Kama huna bodi ya pili, nenda kwa mpiga picha mwenzako. Jaribio lenyewe halifiki dakika tano. Kwa wanaotumia lenzi za zamani kwenye kamera mpya zisizo na kioo cha kuakisi ndani (mirrorless), mfano lenzi za EF, zile za DSLR za Canon, kwenye Canon za R zilizoanza mwaka 2018, kuna mshukiwa wa tatu: adapta. Nayo ina vijipini pande zote mbili, na hulegea.

Kabla hujasema lenzi ni mbovu, hakikisha haujakutana na jambo la kawaida. Wenye Nikon hunijia na mawili. La kwanza ni herufi fEE kwenye kioo. Hiyo hutokea kwa lenzi zenye pete ya apacha. Pete inatakiwa izungushwe hadi namba yake kubwa kabisa, mara nyingi f/22, na ifungwe hapo. La pili ni lenzi ya AF-D iliyonunuliwa kwa bei nzuri na "haishiki fokasi". Lenzi hizo hazina mota ndani, hutegemea mota ya kamera, na bodi za D3000 na D5000 pamoja na ndugu zao hazina mota hiyo. Iweke kwenye D7000 uone inavyofanya kazi. Hiyo lenzi si mbovu, ila haikununuliwa kwa kamera yake.

Ukishajua ni lenzi kweli, safisha vijipini kwa makini zaidi ya ulivyofanya ukumbini. Chukua pamba ya kijiti, ilowanishe kidogo kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, futa, acha ikauke. Upande wa kamera futa kwa uangalifu, kwa sababu vijipini vya kule vina springi na hupinda. Wengine hutumia kifutio cha penseli. Kinafanya kazi, lakini chembe zake zikidondokea kwenye sensa umejitafutia kazi nyingine, kwa hiyo mimi nimekiacha.

Halafu fanya majaribio haya, ukiwa na stendi na mwanga mzuri.

Jaribio la apacha: piga picha ya kitu kilekile kwa f/4, f/5.6, f/8, f/11 na f/16, ukiiachia kamera ipange kasi ya shata. Picha zote zinapaswa kuwa na mwanga sawa. Zikizidi kuungua kadiri unavyopanda namba, apacha haijifungi kwa wakati. Mara nyingi ni mafuta yaliyovuja na kunata kwenye vile vijembe vyake, jambo linalotokea sana kwa lenzi iliyoachwa kwenye gari juani.

Jaribio la vioo kukaa sawa ndilo ninalolifanya kila lenzi inapoanguka, hata ikionekana haina mchubuko. Tafuta ukuta wa matofali. Simamisha kamera ikiutazama moja kwa moja, kipima muda sekunde 2, apacha wazi. Linganisha pembe nne za picha. Upande mmoja ukiwa na wingu huku mwingine ukiwa mkali, usihukumu bado, huenda kamera ilikaa upogo. Igeuze kamera juu chini, piga tena, na uitazame picha hiyo bila kuizungusha. Ule upande wa fremu uliokuwa na wingu ukibaki uleule wenye wingu, kimoja cha vioo vya ndani ya lenzi kimehama. Wingu likihamia upande wa pili, lenzi ni nzima na kosa lilikuwa kwenye namna ulivyosimamisha kamera. Kioo kilichohama hakirudishwi nyumbani.

Mwisho, tazama ndani. Toa lenzi, fungua apacha, zima taa, na umulike tochi ya simu kutoka nyuma huku ukitazama mbele kwa pembe. Utaona vumbi, na kila lenzi ina vumbi. Liache, halionekani kwenye picha. Mkwaruzo mdogo kwenye kioo cha mbele nao hauna madhara makubwa. Mkwaruzo kwenye kioo cha nyuma cha lenzi ni habari nyingine, huo unaonekana. Kinachopaswa kukushtua ni nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, zikianzia ukingoni kuelekea katikati.

Ukungu, adui wa pwani

Nyuzi hizo ni ukungu. Unamea gizani, penye unyevu, mahali pasipo na hewa inayozunguka, na hivyo ndivyo mkoba wa kamera ulivyo chini ya kitanda mwezi wa Aprili, masika ikiwa imekolea. Ukungu hutoa asidi inayokula rangi ya kinga ya kioo. Ukiwahiwa, fundi hufungua na kufuta. Ukichelewa, utafutwa na alama itabaki, na picha zako za kinyume cha jua zitakuwa zimefifia daima. Lenzi yenye ukungu iondoe mara moja kati ya wenzake, kwa sababu mbegu zake husafiri.

Kuzuia ni rahisi kuliko kuponya. Unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 60 au 70 kwa muda mrefu, ukungu umepata makazi. Vifaa vyako vinapenda asilimia 40 hadi 50. Chini ya 30 si vizuri pia, vilainishi vya ndani hukauka. Kabati maalumu la umeme ni zuri kwa mwenye uwezo, lakini mimi nilianza na ndoo ya plastiki ya kuhifadhia chakula, yenye mfuniko wa mpira usiopitisha hewa, na bado ninaitumia. Ndani yake weka kipimo kidogo cha unyevu na silika jeli ya kutosha. Vifuko vitatu ulivyovikuta kwenye boksi la viatu havitoshi, tena pengine vimeshajaa unyevu tangu dukani. Tafuta ile inayobadilika rangi. Ya machungwa ni salama kuliko ya bluu, ambayo kwa kawaida ina kobalti, kemikali isiyofaa kushikwashikwa. Ikibadilika rangi, ikaushe kwenye oveni ya nyuzi 110 hadi 120 kwa saa moja au mbili, kisha irudishe. Kama huna oveni, sufuria pana kwenye moto mdogo inatosha, mradi sufuria hiyo isirudi tena kupikiwa chakula.

Kinga nyingine ni matumizi. Lenzi inayotoka kila wiki na kuona mwanga haipati ukungu kirahisi. Ile ya akiba, ambayo haiguswi, ndiyo inayooza. Kwa hiyo kila mwezi itoe, itumie siku nzima.

Kuna na jasho la kioo. Umelala hoteli yenye kiyoyozi, asubuhi unatoka kwenda kupiga picha ufukweni, na lenzi inageuka nyeupe hapohapo. Usifute na usibadilishe lenzi wakati huo, unyevu utaingia ndani. Kabla hujatoka chumbani, fungia kamera kwenye mfuko wa plastiki au mkoba uliofungwa vizuri, toka nayo, na uiache humo nusu saa ipate joto la nje. Panga ratiba ukijua hilo.

Ukirudi ufukweni, futa bodi na mwili wa lenzi kwa kitambaa kilicholowana kidogo maji baridi ya bomba, kisha kikavu. Chumvi haionekani lakini inakula skrubu. Mchanga ukiingia kwenye pete ya zumu na ukasikia kukwaruza, usiizungushe "ili utoke". Utausaga uingie zaidi. Elekeza lenzi chini na upulizie kwa kipulizio cha mpira. Usitumie mdomo, mate huruka. Na maji ya bahari yakiingia kweli, toa betri hapohapo, usiwashe kujaribu, kausha nje, weka kwenye silika jeli na umwone fundi siku hiyohiyo. Kuifukia kwenye mchele hakusaidii kitu, vumbi la mchele ndilo litakalobaki ndani.

Kwa fundi

Kutoa lenzi kwa mtu si sawa na kuacha viatu. Andika namba ya lenzi, ile iliyochongwa kwenye mwili wake, na uipige picha mbele ya fundi, pamoja na vioo vya mbele na nyuma. Mpe picha za majaribio ulizopiga, kwa sababu "inasumbua" haimsaidii. "Inagoma kuanzia f/4 kwenda juu, kwenye bodi zote mbili" inamwokolea nusu ya kazi. Kubalianeni gharama ya kufungua na kuchunguza kabla ya gharama ya kutengeneza, na umwombe akurudishie kipuri kilichotolewa. Siku ya kuichukua, rudia jaribio la ukuta palepale au nyumbani usiku uleule. Lenzi ikishafunguliwa, vioo vinaweza kurudi vimepinda kidogo, na kosa hilo hulitambui mpaka ulitafute.

Itengenezwe au iachwe? Kipimo changu ni hiki: gharama ikizidi nusu ya bei ya lenzi kama hiyo iliyotumika na iliyo nzima, siitengenezi. Isipokuwa utepe wa apacha. Huo hutengenezeka vizuri, na lenzi hurudi kazini kwa miaka.

Akiba ya kweli

Wengi husema "nikipata hela nitanunua kamera ya pili", wakiwaza kamera kubwa kuliko ya kwanza. Akiba haihitaji kuwa bora. Inahitaji kuwa nzima, kutumia vifaa vilevile, na kuwa karibu. Bodi ya zamani iliyotumika, ya kampuni ileile na mdomo uleule wa lenzi, yaani pale lenzi inapofungwa, ni bora kuliko kamera mpya ya kampuni nyingine, kwa kuwa lenzi, flashi, na mara nyingi betri na kadi, vinahamishika bila kufikiri.

Lenzi ya akiba ya kwanza iwe 50mm f/1.8. Ni ya bei ndogo kuliko karibu zote, na ile ya Canon ya STM ina gramu 160 hivi, hata mfukoni inakaa. Inaona gizani ukumbini kuliko zumu nyingi za bei kubwa. Upungufu wake ni kwamba kwenye kamera ya sensa ndogo inakuwa kama 75mm au 80mm, hivyo chumba cha bi harusi cha kuvalia kitakubana. Kwa hilo weka ile 18-55 iliyokuja na kamera, ambayo wengi huiuza haraka kwa kuidharau. Usiiuze.

Betri tatu, zenye namba 1, 2, 3 kwa kalamu ya wino usiofutika, ili ujue ni ipi inayoanza kuchoka. Flashi mbili ukiweza, na seti mbili za betri za kuchajiwa. Kama kamera yako ina nafasi mbili za kadi, iandike kote kuwili, si moja ikijaa ndiyo ianze nyingine. Kama ina nafasi moja, badilisha kadi baada ya kanisani au baada ya ndoa kufungwa, ili kadi ikifa ukumbini isife na kiapo.

Jambo dogo linalosahauliwa: linganisha saa za kamera zote mbili asubuhi ya kazi. Nilipoanza kutumia bodi mbili sikufanya hivyo, na kwenye kompyuta keki ikakatwa kabla ya maharusi kuingia. Kupanga picha zile kwa mkono kulinichukua siku nzima.

Kama huna uwezo wa bodi ya pili sasa hivi, tafuta mwenzako mnayetumia mfumo mmoja na muwe na makubaliano ya kuazimana, yenye maneno wazi kuhusu nani analipa kikiharibika. Au kodi kwa siku, na gharama ya kukodi iingie kwenye bei unayoipa kamati ya harusi. Si anasa, ni sehemu ya kazi wanayolipia. Ukikodi, chukua siku moja kabla na ufanye majaribio yote niliyoeleza, kwa sababu lenzi ya kukodi imepita mikono mingi.

Usiku wa kuamkia kazi ninapiga picha tano kwa kila bodi na kila lenzi, kwa namba ndogo kabisa ya lenzi na kwa f/8, nikizitazama kwenye kioo. Nahesabu betri. Naformati kadi, baada ya kuhakikisha kazi iliyopita ipo sehemu mbili. Vitu vya akiba havikai vyote kwenye mkoba mmoja, maana mkoba mmoja huweza kusahaulika kwenye bajaji. 50mm inakaa kwenye kijimkoba cha kiunoni, pamoja na betri moja, kadi moja na kitambaa. Kamera ya pili naivaa begani kabla sijafunga mlango wa gari.